Mbwa Mdogo Mwenye Uvimbe wa Taya: Atibiwe, Aachwe au Auawe?

  

Swali

Tumepokea swali kutoka kwa familia moja ya hapa Unguja. Ndugu yao amehamia bara, mkoa wa Kagera, na anafuga ng'ombe na mbuzi upande ambao wilaya za Ngara na Biharamulo zinapakana. Ana mbwa wa miezi kumi anayelala mlangoni mwa zizi na kubweka fisi anapokaribia. Kwa muda wa wiki kadhaa mbwa huyo ameota uvimbe kwenye ufizi wa taya la chini. Udenda wake una damu, na chakula kinamdondoka. Mzee wa nyumba amesema apigwe afe, kwani mbwa ni mbwa. Kijana wake wa miaka kumi na miwili, ambaye ndiye anayemlisha, hataki kusikia hilo. Afisa mifugo aliyepita kijijini amewaambia kwamba ipo operesheni ya kukata sehemu ya taya, na mbwa akaishi.

Familia inauliza: Je, inajuzu Muislamu kutoa fedha kumfanyia mbwa operesheni? Je, kumkata taya si kumtesa kiumbe cha Mwenyezi Mungu? Je, kumuua ili apumzike si bora? Na anayemshika na kumuuguza, atajitwaharisha vipi?

Jibu kwa ufupi

Inajuzu kumtibu, na ni katika ihsani yenye malipo kwa mwenye uwezo. Kumkata kwa ajili ya kumponya si kumtesa, madhali anayekata ni daktari anayejua na mnyama amelazwa kwa dawa. Hailazimu familia masikini kujitia kwenye deni kwa ajili ya operesheni, lakini inalazimu kumlisha, kumnywesha na kutomzidishia maumivu. Kumpiga kwa fimbo mpaka afe hakujuzu kwa hali iliyoelezwa. Na kabla ya yote hayo, ijulikane kwanza uvimbe huo ni kitu gani, kwani uko unaopona wenyewe, uko unaopona kwa sindano bila kisu, na uko usiopona ila kwa kisu.

Sasa tufafanue.

Huyu ni mbwa wa halali kufugwa

Watu wengi wa visiwani tumekua tukiamini kwamba mbwa hana haki yoyote kwa Muislamu. Hilo si sahihi. Ni kweli kwamba katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kufuga mbwa bila haja, na akaeleza kwamba mwenye kufanya hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini katika Hadithi hizo hizo amemtoa mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula kinachokamatwa na wanyama wa kuwinda tuliowafundisha, na mbwa ni miongoni mwao.

Anayeishi Ngara au Biharamulo hafugi mbwa kwa kujifakharisha. Kule ni nchi ya vilima, mabonde na mapori. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ndiyo yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mfugaji wa pembeni mwa mapori hayo hana ukuta wala taa ya umeme zizini. Mlinzi wake ni mbwa. Kwa hiyo mbwa wa muulizaji ni mbwa aliyeruhusiwa na Sharia, na wanavyuoni wetu wa Kishafii humwita mnyama *muhtaram*, yaani mwenye heshima ya uhai, asiyeuliwa bila ya haki.

Heshima hiyo si maneno matupu. Vitabu vya fiqhi tunavyosomesha madrasani vinasema kwamba msafiri mwenye maji kidogo, na pamoja naye yuko mnyama muhtaram mwenye kiu, humpa mnyama yule maji na yeye akatayamamu. Na mbwa mwenye manufaa ameingia humo. Ikiwa udhu wa Sala umempisha mbwa mwenye kiu, vipi tuseme kwamba hana haki yoyote?

Kabla ya kuushika mdomo wake

Hapa tunasimama kwa nasaha ya uhai wa watu, maana kosa lake halirekebishiki.

Mbwa anayetokwa na udenda mwingi, taya limelegea na hawezi kumeza, huenda hana uvimbe wala mfupa uliokwama kooni. Hizo ni miongoni mwa dalili za kichaa cha mbwa. Watu wamekufa kwa sababu walitia mkono mdomoni kutafuta mfupa ambao haukuwepo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila aliyeupata hufa.

Kwa hiyo tazama kwanza kwa mbali. Je, mbwa amechanjwa, na lini? Je, tabia yake imebadilika ghafla, akawa mkali, au anajificha, au sauti imebadilika, au anayumba? Uvimbe wa ufizi hukua kwa wiki na miezi, na mbwa hubaki ni yule yule anayemjua mwenyewe. Kichaa hubadilisha hali ndani ya siku chache. Ukiwa na shaka, mfungie mahali salama, usimguse, muite daktari wa mifugo. Mtoto asimkaribie, hata kama ndiye anayempenda.

Na aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye jeraha, aoshe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Sisi wa visiwani tuna ushahidi wa karibu. Pemba iliuzima ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ukarudi mwaka 2016, ukazimwa tena mwaka 2018 baada ya chanjo kurejeshwa kwa nguvu. Kumchanja mbwa ni kumlinda jirani, na kumlinda jirani ni katika dini.

Si kila uvimbe wa taya ni saratani

Tukishajua kwamba si kichaa, tunarudi kwenye uvimbe wenyewe. Mbwa ana meno 28 ya utotoni, na anapokua huwa nayo 42. Meno hubadilika baina ya miezi mitatu na saba hivi. Ndiyo maana mbwa mdogo ana maradhi ya taya yanayomkhusu yeye zaidi kuliko mbwa mzee. Tumeyapanga kwa namna yanavyotibiwa.

*Yanayopona yenyewe.* Mbwa wadogo huota chunjua mdomoni, kwenye midomo, ulimi na ufizi. Zina umbo kama la koliflawa ndogo, na mara nyingi ni nyingi kwa pamoja. Zinaletwa na kirusi kinachoambukiza mbwa kwa mbwa. Kwa kawaida mwili wa mbwa hupambana nazo, zikaondoka wenyewe ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu. Hapana haja ya kisu ila zikizidi mpaka zikamzuia kula. Fikiria mbwa aliyeuawa kwa ugonjwa ambao mwezi mmoja baadaye ungekuwa umekwisha.

*Yasiyokuwa uvimbe wa saratani kabisa.* Jino lililooza au kuvunjika hutunga usaha taya likavimba. Mbwa wa maporini huchomwa na miba ya nungunungu, na mwiba ukizama kwenye ufizi hufanya donge. Kipande cha mfupa kinaweza kukwama baina ya magego. Jino lisilochomoza linaweza kufanya mfuko wa maji ndani ya mfupa, na huo huondoka ukitolewa pamoja na jino lake. Yote haya yana tiba nyepesi kuliko kukata taya.

*Yanayopona kwa sindano.* Katika Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi huzurura na kupandana ovyo, kuna saratani inayoambukizwa baina ya mbwa kwa kupandana, kunusana na kulambana. Mara nyingi hutokea sehemu za siri, lakini pia hutokea puani na mdomoni. Ajabu yake ni kwamba chembe za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja na kuota kwa mwengine. Hii mara nyingi haihitaji kukatwa. Dawa yake ni vinkristini, inayotiwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, na mbwa wengi hupona kwa wiki chache. Subhanallah, dawa hiyo hutolewa katika ule mmea wa maua ya waridi na meupe wenye asili ya Bukini, ambao watu wengi hapa kwetu wanao uani kama pambo. Lakini tunatahadharisha: majani yake ni sumu, na dawa yenyewe ni kali, hata tone likitoka nje ya mshipa huunguza nyama. Asiijaribu ila daktari.

*Yanayohitaji kisu.* Uko uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Mmoja wao huitwa ameloblastoma. Hausambai kwenda mapafuni, lakini unakula mfupa wa taya, na ukikwanguliwa juu juu hurudi. Huwapata zaidi mbwa wa umri wa kati, lakini hata wadogo huupata. Iko pia saratani ya ngozi ya ufizi yenye umbo la chunjua ambayo huwapata mbwa wenye umri wa miezi michache tu. Nayo hula mfupa, ila ni nadra kusambaa mbali. Maradhi haya mawili, yakiwahiwa na yakakatwa yote pamoja na kipande cha mfupa mzima kuyazunguka, mbwa wengi hupona moja kwa moja.

*Yenye khatari zaidi.* Ziko saratani nyengine, kama za nyama na mfupa, na ile ya rangi nyeusi, ambazo hurudi au husambaa hata baada ya kukatwa. Hizi huwapata zaidi mbwa wakubwa, lakini wadogo hawakusalimika. Hapa daktari huwa mkweli kwa mwenye mnyama, kwamba operesheni huenda ikampa muda tu.

Kwa macho peke yake, hata daktari bingwa hawezi kuyatofautisha yote haya. Chunjua isiyo na madhara na saratani ya mbwa mdogo zinaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara. Na hapa kuna wepesi kwa mtu wa Ngara na Biharamulo: kipande kikitiwa katika chupa yenye fomalini hakiozi. Kinaweza kusafiri mamia ya kilomita, na mbwa mwenyewe akabaki nyumbani akingoja majibu. Kukata taya, au kuua, kabla ya majibu hayo ni kuhukumu kabla ya ushahidi.

Operesheni yenyewe inavyofanywa

Majibu yakionyesha kwamba kisu kinahitajika, daktari hupiga picha ya eksirei ya taya kuona mfupa umeliwa kiasi gani, na ya kifua kuona kama mapafu yamesalimika. Hupapasa tezi za chini ya taya. Hupima damu, na kwa mbwa wa nchi yetu ni muhimu sana, kwani maradhi yanayoletwa na kupe hupunguza uwezo wa damu kuganda, na mdomo ni mahali penye mishipa mingi.

Siku ya operesheni mbwa hupewa nusu kaputi. Mpira hupitishwa kwenye koo la hewa ili damu isiingie mapafuni. Mshipa wa fahamu wa taya hupigwa ganzi, hivyo hata akizinduka maumivu huwa yamepunguzwa. Daktari hukata ufizi kuuzunguka uvimbe, akiacha ukingo wa nyama nzima. Kwa uvimbe usiosambaa, ukingo huo huwa kiasi cha sentimita 1. Kwa saratani, kiasi cha 2. Kisha hukata mfupa kwa msumeno mdogo, hufunga mshipa wa damu unaopita ndani ya taya, na hushona ufizi juu ya mfupa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kipande kilichotolewa hurudishwa maabara kutazamwa kingo zake, je, kumebaki kitu?

Kinachokatwa huenda kikawa ncha ya mbele ya taya la chini, au kipande cha upande mmoja, au sehemu ya taya la juu. Kwa mbwa anayekua, daktari huangalia pia meno ambayo hayajachomoza na taya lililobaki litakavyokua.

Watu husema mbwa asiye na kipande cha taya hawezi kuishi. Uzoefu wa madaktari wa wanyama duniani ni kinyume chake. Mbwa wengi huanza kula ndani ya siku moja au chache. Ulimi unaweza kuning'inia pembeni, udenda ukazidi, na taya lililobaki likasogea upande. Wakati mwengine chonge la chini huchoma kaakaa la juu na likahitaji kupunguzwa. Lakini mbwa hajitazami kwenye kioo. Akishaondokewa na maumivu, anarudi mlangoni mwa zizi.

Baada ya operesheni hupewa chakula laini kwa wiki mbili mpaka nne: ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, au nyama iliyosagwa. Mifupa na vijiti vya kutafuna ni marufuku. Huvishwa kola pana shingoni asijikune. Dawa za maumivu ziwe zile alizoandika daktari wa wanyama peke yake. Baadhi ya dawa za binadamu tunazoziweka kabatini, kama ibuprofen, huunguza tumbo na figo za mbwa na zinaweza kumuua. Kisha arudishwe kuangaliwa baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi kadhaa, ili uvimbe ukirudi uwahiwe.

Je, si kumtesa?

Muulizaji ameuliza vizuri, kwa sababu ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kumkatakata mnyama viungo akiwa hai, na amekataza kumpiga na kumtia alama ya moto usoni. Taya ni sehemu ya uso.

Jibu ni kwamba kilichokatazwa ni kukata kwa mchezo, kwa hasira, kwa pambo au kwa alama ambayo ingeweza kutiwa kwengine. Kukata kwa tiba ni kumwondolea madhara, na kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara huondolewa, na madhara madogo hubebwa ili kuepuka makubwa. Ni kama binadamu anayekatwa mguu ulioingia donda ndugu ili abaki hai. Hapana mwanachuoni anayeuita ukatili.

Lakini ruhusa hii ina masharti. Awe anayekata anajua. Wenzetu waliotangulia waliliona hili zamani. Ash-Shayzari, aliyeandika karne ya sita ya Hijria juu ya usimamizi wa masoko na kazi za watu, ameweka mlango maalumu wa waganga wa wanyama. Ameeleza kwamba tiba ya wanyama ni ngumu kuliko ya binadamu, kwa sababu mnyama hana ulimi wa kusema pale panapomuuma. Na akasema kwamba anayethubutu kukata au kuchoma bila ya ujuzi, mnyama akaharibika, huyo hubebeshwa dhamana. Nayo Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inambebesha dhamana anayetibu hali ya kuwa hajulikani kwa tiba.

Kwa hiyo mtu wa kijijini mwenye kisu kikali na moyo mgumu, akimfunga mbwa kamba na kumkata uvimbe bila dawa ya usingizi, huyo hakutibu. Amemtesa, na uvimbe utarudi kwa kuwa mzizi umo ndani ya mfupa. Sheria ya nchi nayo iko hivyo hivyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayosimamia nani afanye kazi ya udaktari wa wanyama, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayozuia ukatili.

Fedha: wajibu uko wapi?

Hapa lazima tuseme ukweli bila kupunguza wala kuzidisha. Kumlisha na kumnywesha mnyama unayemiliki ni wajibu, na Imamu Nawawi ameutaja katika *Minhaj*. Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliorodhesha haki za wanyama juu ya wenyewe. Katika hizo ametaja kwamba mwenye mnyama amhudumie hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Kwa hiyo kumfukuza mbwa porini kwa sababu hawezi tena kubweka ni dhulma.

Ama operesheni yenye gharama, hatuoni kwamba ni wajibu juu ya kila mtu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakuiwajibisha tiba hata kwa binadamu katika kila hali. Mwenye uwezo akiitoa ni ihsani na sadaka. Tunajua kisa, kilichomo katika vitabu sahihi, cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Sahaba walipouliza kama kuna malipo kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kwamba kila kiumbe hai kina malipo. Na mbwa wa kisa kile hakuwa wa mtu yule, wala hakuwa akimlindia chochote.

Asiye na uwezo asijilaumu. Ada ya skuli ya watoto, chakula cha nyumbani na deni la watu vinatangulia. Zaka haitumiki kwa jambo hili, kwani mafungu yake manane yametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Sadaka ya hiari inajuzu.

Na wako waliotuuliza: Si Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa? Ndiyo, amekataza kumuuza. Lakini anayemlipa daktari hanunui mbwa. Analipa ujira wa kazi, na kazi ya tiba ni halali. Daktari Muislamu akipokea ujira huo hakula haramu.

Kumuua ili apumzike

Mbwa mwenye kichaa, au mkali anayedhuru watu, ameruhusiwa kuuawa kwa Hadithi. Huyo si wa swali letu.

Mbwa mgonjwa asiyedhuru ni jambo jengine. Katika *Fathul Mu'in*, kitabu kinachojulikana sana katika madrasa zetu, imeandikwa kwamba mnyama asiyeliwa hachinjwi hata kwa nia ya kumpumzisha. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wako walioruhusu kummaliza mnyama mgonjwa asiye na manufaa ili apumzike, na wanavyuoni wa zama hizi wamelichukua hilo kwa mnyama ambaye maumivu yake hayana dawa.

Tunaloliona sisi ni hili: ukali wa vitabu vyetu unatufundisha tusifanye kifo kuwa njia ya mkato. Kwanza ijulikane ugonjwa. Kisha tiba iliyo ndani ya uwezo. Kisha, ikiwa daktari ameshuhudia kwamba hapana tumaini na mnyama yumo katika mateso, hali na maji vimemshinda, hapo hatumkatazi mwenye kuichukua kauli ya ruhusa. Lakini iwe kwa dawa ya daktari inayomlaza kwanza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewajibisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuua. Fimbo, kamba na sumu haviingii katika ihsani. Na sumu inayotupwa nje huua pia mbwa wa jirani, kuku na ndege, na huenda ikaokotwa na mtoto.

Twahara ya anayemuuguza

Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi, na kilichoguswa na udenda wake au sehemu yake yenye majimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sabuni pekee haitoshi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, lakini hapana ubaya kuiongeza, na kwa afya ni bora. Ukavu juu ya ukavu hautii najisi.

Anayemuuguza avae glovu na nguo maalumu, na mbwa awe na sahani yake. Akifanya hivyo hana tabu kubwa. Kumgusa si dhambi wala hakutengui udhu. Ni najisi inayooshwa. Tusiwafundishe watoto kwamba najisi maana yake ni kuchukiwa. Sisi wenyewe hushika najisi kila siku tunapowatawaza watoto wetu, na hatuwachukii.

Nasaha yetu kwa familia hii

Mfungieni mbwa mahali pasafi, na mtoto asiushike mdomo wake mpaka daktari amwone. Nendeni kwa daktari wa mifugo wa halmashauri ya wilaya mkamwombe mambo mawili: aangalie kama si kichaa wala jino au mwiba, na achukue kipande cha uvimbe kipelekwe maabara. Hilo ndilo la kwanza kufanya. Huku mkingoja, mpeni chakula laini na maji.

Majibu yakisema chunjua, subirini. Yakisema ile saratani ya kuambukizana, mtafutieni sindano, na msimwachie azurure. Yakisema kisu, ulizeni gharama kabla ya safari. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Ngara, kwa hiyo muulizeni daktari wenu kwanza kama yuko mpasuaji wa karibu zaidi. Mkiweza, fanyeni mkitaraji malipo kwa Mola wenu. Msipoweza, hamna dhambi; mtunzeni kwa kadiri ya uwezo wenu, na mwisho wake mumuachie daktari.

Na kwa mzee wa nyumba tunasema kwa heshima: kijana wako analilia kiumbe kilichokulindia mali yako ulipokuwa umelala. Moyo wa namna hiyo ni neema aliyomtilia Mwenyezi Mungu, nawe usiuvunje. Mwacheni aone kwamba dini yake ina jibu jengine kabla ya fimbo.

Wallahu aalam.